Mashindano na usomaji wa mashairi ya Kieire

Mashindano na usomaji wa mashairi ya Kieire ni shughuli za fasihi zinazofanyika katika Jamhuri ya Eire na Eire ya Kaskazini. Washairi wanaotunga kwa Kieire hushindania tuzo, na hughani kazi zao mbele ya hadhira pamoja na tafsiri ya Kiingereza, mara nyingi katika maktaba za umma. Katika sensa ya mwaka 2022, watu 1,873,997 wa Jamhuri walisema wanaweza kuzungumza Kieire, lakini waliokizungumza kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968 tu. Kwa hiyo mshairi anayeandika kwa Kieire peke yake ana wasomaji wachache sana, na suala la tafsiri humfuata popote anaposoma.

Historia

Eire ya kale ilikuwa na malenga waliosomea kazi yao kwa miaka mingi na kutunzwa na watawala. Utaratibu huo ulivunjika katika karne ya 17, baada ya watawala wa Kigaeli kushindwa na Waingereza. Ushairi ukabaki mikononi mwa walimu, wakulima na wenye vilabu vya pombe. Katika karne ya 18, katika jimbo la kusini la Munster, washairi walikutana katika mabaraza yaliyoitwa cúirt éigse, yaani "mahakama ya ushairi". Baraza moja maarufu lilikuwa Croom, mji mdogo wa kaunti ya Limerick, ambako washairi wa bonde la mto Maigue walijibizana kwa beti katika kilabu cha mwenzao Seán Ó Tuama. Mwaliko wa mabaraza hayo wakati mwingine ulitungwa kwa mzaha kama hati ya kumkamata mtu.

Njaa Kuu ya miaka 1845-1852 iliua au kuhamisha watu wengi wa vijijini, ambao ndio waliokuwa wasemaji wa Kieire. Mwaka 1893 ilianzishwa Conradh na Gaeilge, jumuiya ya kufufua lugha, na mwaka 1897 jumuiya hiyo ikaandaa Dublin mashindano ya kwanza ya Oireachtas, kwa mfano wa Eisteddfod ya Wales. Oireachtas ilisimama katika miaka ya 1920, ikarudi mwaka 1939, na hadi leo ina tuzo za fasihi.

Mashindano

Mara nyingi kazi hupelekwa bila jina halisi la mtunzi, ili mwamuzi asipendelee. Katika lugha yenye washairi wachache siri hiyo haitunziki kwa urahisi, kwani mwamuzi mzoefu huweza kumtambua mtu kwa mtindo wake.

Miji midogo ina nafasi kubwa kuliko mtu anavyodhani. Strokestown, katika kaunti ya Roscommon, ina tamasha la ushairi tangu mwaka 1999, na mashindano yake yamekuwa na tuzo ya mashairi ya Kigaeli. Mji wa Newcastle West, Limerick, humkumbuka Michael Hartnett (1941-1999) kwa tamasha la kila mwaka, na tuzo yenye jina lake hutolewa kwa zamu kwa diwani za Kieire na za Kiingereza. Zamu hiyo inamfaa. Hartnett, aliyezaliwa Croom, alitangaza jukwaani mwaka 1974 kwamba anaacha kuandika mashairi kwa Kiingereza. Alishika neno lake kwa takriban miaka kumi, akarudi kwa Kiingereza mwaka 1985.

Usomaji katika maktaba

Maktaba za umma za Jamhuri ziko chini ya serikali za mitaa, uanachama ni bure, na tangu mwaka 2019 hakuna faini ya kuchelewesha vitabu. Hivyo huwafikia watu ambao hawangelipa kiingilio cha tamasha. Shughuli huwa nyingi wakati wa Seachtain na Gaeilge, tarehe 1 hadi 17 Machi.

Mshairi huweza kughani kwa Kieire kwanza, kisha kwa Kiingereza, au kinyume chake. Wengine hueleza tu maana kwa kifupi na kuacha shairi lisikike lenyewe. Mpangilio si jambo dogo. Wasikilizaji wengi walisoma Kieire shuleni na hukumbuka nusunusu. Wakisikia Kiingereza kwanza hufuata vizuri zaidi, lakini wakishapata maana huenda wasisikilize tena. Kitu fulani hupotea pia. Kwa Kieire, tá brón orm maana yake ni "kuna huzuni juu yangu": huzuni humjia mtu kutoka nje, karibu na Kiswahili "nimeshikwa na huzuni". Kiingereza cha kawaida husema tu kwamba mtu ana hali hiyo.

Mjadala wa tafsiri

Nuala Ní Dhomhnaill, aliyezaliwa mwaka 1952, alikubali kutafsiriwa. Diwani yake ya lugha mbili Pharaoh's Daughter (1990) ilitafsiriwa na washairi 13, na ilimpatia wasomaji nje ya Eire. Biddy Jenkinson, ambaye hilo ni jina lake la uandishi, alikataa mashairi yake kutafsiriwa kwa Kiingereza nchini Eire, akipinga wazo kwamba kila kitu cha Kieire kinaweza kuvunwa kwa Kiingereza bila hasara. Wanaomuunga mkono huongeza kwamba katika kitabu cha kurasa mbili zinazotazamana, wengi husoma ukurasa wa Kiingereza tu.

Kabla ya Pharaoh's Daughter, mashairi teule ya Ní Dhomhnaill yalikuwa yametolewa kwa Kiingereza katika miaka ya 1980. Mfasiri wake alikuwa Michael Hartnett.