Mlango wa Kila Mama: Familia Kubwa na Majira yake, Karatu na Ngorongoro

Watu wa pwani wamezoea kuuhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi ikivuma majahazi huja, kusi ikivuma hurejea. Na baina ya pepo hizo zimo masika na vuli, ambamo hupangwa kilimo, safari na harusi. Katika nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania, hakuna jahazi wala tanga, lakini huko nako mwaka ulipangwa kwa namna inayokaribiana na hiyo: kwa mvua, kwa majani na kwa maziwa. Mpango huo ulishikwa na familia, tena familia kubwa yenye wake kadhaa, watoto wengi, wazee na wakwe, kila mmoja akiwa na kazi yake katika kila msimu. Historia ya mahali hapo kwa muda wa miaka mia moja na thelathini hivi yaweza kusomwa katika sheria na ramani za hifadhi. Yaweza pia kusomwa uani, kwa kuangalia nani alikamua ng'ombe, nani aliwahamisha, na kila mama alikuwa na mlango wake au hakuwa nao.

Hesabu ilianzia mbinguni. Kundi la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia, kwa kuwa lilimwonyesha mkulima wakati wa kulima, Wamasai huliita enkokua, na jina hilo lina udugu na jina la mvua kubwa. A. C. Hollis, ambaye katika miaka ya 1920 alikuwa Balozi Mkaazi wa Kiingereza hapa Zanzibar, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya lugha na masimulizi ya Wamasai. Kwa maelezo yake, nyota sita za kundi hilo zilifananishwa na ng'ombe wanaofuatana. Na zilipozama zisionekane tena, watu walijua kuwa mvua kubwa zimekwisha. Wahenga wa pwani nao walikuwa na kauli yao juu ya kuzama na kuzuka kwa Kilimia, jua na mvua zikipokezana. Jamii mbili zilizotenganishwa na mamia ya maili ziliangalia nyota zile zile; mmoja akashika jembe, mwingine akahesabu mifugo.

Mji wa Kimasai, uitwao enkang, ulizungushiwa ua wa miiba, ng'ombe wakalala katikati na nyumba zikakaa pembeni kwa duara. Mume aliye na familia yake, olmarei, alikuwa na lango lake. Mke wa kwanza alijenga upande wa kulia wa lango hilo, wa pili kushoto, wa tatu kulia tena, na hivyo hivyo kila mke mpya alipokuja. Nyumba ilijengwa na mwanamke mwenyewe kwa fito, majani, udongo na samadi, naye ndiye aliyekuwa na amri juu yake. Mume hakuwa na nyumba ya peke yake. Alilala kwa wakeze.

Mpango huo ulikuwa ndio daftari la mirathi. Kila mke aligawiwa ng'ombe wa nyumba yake. Aliwakamua yeye, akayagawa maziwa kwa watoto na wageni, na wanawe wa kiume wakarithi kutokana na ng'ombe hao. Mtoto alijulikana kwa baba yake, lakini mali yake ilijulikana kwa mlango wa mama yake. Kwa hiyo kuhesabu milango ya mji kulikuwa ni kuhesabu matawi ya ukoo, na mwanamke asiye na mlango alikuwa hana pa kuweka haki ya wanawe.

Mvua za vuli ziliposhuka, aghalabu kuanzia Novemba, majani mafupi ya mbuga za magharibi, kuelekea Ndutu na Serengeti, yalichipua kwa ghafla. Wanyama wa porini huyajua majani hayo vizuri kama wachungaji. Nyumbu huja kwa malaki na kuzaa huko, wengi wao mnamo mwezi wa Februari, na hapo ndipo mfugaji hulazimika kuwaondoa ng'ombe wake, kwani ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa ambao kwa ng'ombe ni mauti. Malisho bora ya mwaka mzima yakawa ni ya kutazamwa kwa mbali. Familia ilipanda na mifugo yake kwenye nyanda za juu zenye baridi na ukungu, ambako kupe ni wengi na ndigana kali huua ndama. Kupanga mwaka kulikuwa ni kuchagua, kila mwezi, hatari iliyo ndogo zaidi.

Uchaguzi huo uliwezekana kwa sababu watu walikuwa wengi. Vijana walipelekwa na kundi kubwa mpaka kambi za muda, ambazo huitwa ronjo. Ng'ombe wachache wa maziwa walibaki mjini kwa ajili ya watoto na wazee. Wavulana wadogo walichunga ndama katika alalili, malisho yaliyotengwa karibu na nyumba kwa ajili ya kiangazi. Wasichana walifuata maji na kuni, na bibi akabaki na wajukuu. Katika mwezi mmoja familia moja ingeweza kuwa mahali patatu na bado ikawa familia moja. Mume mwenye mke mmoja na watoto wawili asingeweza kuuzunguka mwaka huo bila kuegemea jamaa. Ndiyo maana wingi wa watu ulihesabiwa kuwa ni mali.

Masika yalileta maziwa, na maziwa yakaleta sherehe. Ndoa, kupewa jina kwa mtoto, tohara ya wavulana na mikutano ya marika ilisubiri wakati ambapo vibuyu vimejaa, kwani wageni hawawezi kualikwa kwenye njaa. Katika eunoto, sherehe inayowasogeza vijana kutoka umorani kuelekea utu uzima, mama ndiye aliyemnyoa mwanawe nywele ndefu alizozifuga kwa miaka. Miaka yenyewe haikupewa namba. Mtu aliulizwa rika lake, iwe Nyangusi, Seuri, Makaa au Korianga, na jibu lilitosha kumweleza mwulizaji ni nani wa kumwamkia kwa heshima na ni nani wa kumtania.

Chini ya mteremko, upande wa Karatu, mwaka ulikuwa na sura nyingine. Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi na si ya Kibantu, walitoka katika milima yao ya asili, Irqwa Da'aw, huko Mbulu. Katika karne ya 20 walienea kaskazini mpaka miteremko ya Oldeani. Nyumba yao ya zamani ilikuwa tembe iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likikaribiana na usawa wa ardhi, kinga dhidi ya wavamizi wa ng'ombe waliotoka kwa majirani hao hao wa juu. Amani ilipotengemaa vijana waliooa walitafuta mashamba mapya, na ukoo ukasambaa shamba kwa shamba. Walikuta mlango umefunguliwa nusu. Katika miaka ya 1920 na 1930 walowezi, wengi wao Wajerumani, walipewa ardhi ya kahawa Oldeani, na msitu wa juu ukahifadhiwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Kiingereza ilifyeka vichaka vya mbung'o ili wakulima na mifugo wapate pa kukaa.

Kazi za mwaka hapo zilikuwa za jembe, na baadaye za plau na trekta: mahindi, maharage, ngano, na mbaazi iliyopandwa kati ya mahindi. Mahindi huvunwa kwanza. Mbaazi hubaki shambani ikivumilia kiangazi, nayo huvunwa baadaye. Shamba kubwa lililimwa kwa ujima, majirani wakiitana na kulipana kwa pombe na kwa kazi. Ng'ombe wa mtu mmoja walilazwa kwa marafiki wa vijiji mbalimbali, ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usimmalize. Kwa Wairaqw familia ilijigawa kwa kuazimana mifugo, kama vile Wamasai walivyojigawa kwa kuhama. Na mambo makubwa ya mwaka yalifungwa kwa slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huiongoza na waliohudhuria wakaitikia kwa pamoja, wakiomba mvua, watoto, afya na amani. Mpenzi wa ushairi wa pwani, aliyezoea kisomo na kuitikia amina, asingejiona mgeni sana mahali hapo.

Mpango huo wa maisha umewahi kuvunjika kabisa mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, tauni ya ng'ombe, iliwamaliza ng'ombe wa Wamasai, na ndui ikafuata. Wao huliita janga hilo emutai, yaani maangamizi. Mwaka 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyeongoza msafara kutoka Tanga, aliingia katika kreta ya Ngorongoro na kuwakuta watu waliokonda mifupa, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao, wakijikokota kuomba chakula. Wengi waliokoka kwa kukimbilia kwa jamii za wakulima, wengine wakiwaacha watoto huko. Familia zilijengwa upya kwa uchumba, kwa urafiki na kwa ndama mmoja mmoja.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja kwa karatasi. Mwaka 1959 Serengeti ilitengwa kuwa hifadhi isiyo na wakazi, na Wamasai walioondolewa huko wakahamia upande wa Ngorongoro, palipoundwa hifadhi ya namna ya pekee, yenye takriban kilomita za mraba 8,300, ambamo watu na wanyama wangeishi pamoja. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika eneo zima. Katazo lililegezwa mwaka 1992, kisha likarudishwa mwaka 2009. Wakati huo huo chanjo ya ng'ombe ilikuwa imeikomesha sotoka kwa nyumbu pia. Idadi yao, iliyokuwa kiasi cha 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipita 1,000,000 kabla ya muongo wa 1970 kwisha. Dawa iliyomponya ng'ombe ikamjaza jirani yake mbugani, na miezi ya ng'ombe kuikimbia mbuga ikazidi kuwa mizito.

Kwa familia, kila tarehe kati ya hizo ilikuwa ni msimu uliofutwa. Bila shamba dogo la mahindi kando ya nyumba, mama alitegemea soko. Mbuzi aliuzwa, punda akateremka mpaka mnada wa Karatu na kurudi na magunia, na nafaka ya Mwiraqw ikawa chakula cha kila siku cha mtoto wa Kimasai. Wajukuu wa wavamizi na wa waliochimba tembe wakawa wanunuzi na wauzaji. Ng'ombe kwa kila mtu walipungua kadiri watu walivyoongezeka, kutoka kama 8,000 mwaka 1959 hadi kukaribia 100,000 katika miaka ya karibuni. Serikali imeitumia hesabu hiyo kueleza kuwa hifadhi, iliyo urithi wa dunia tangu mwaka 1979, imeelemewa.

Kuanzia Juni 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Serikali ilisema wanaohama wamejiandikisha kwa hiari, na ikawajengea nyumba za vyumba vitatu na kuwapa mashamba. Wapo waliokwenda na kuridhika na shule, maji na haki ya kulima. Wapo waliokataa, na Agosti 2024 maelfu walikusanyika barabarani ndani ya hifadhi kupinga. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka huo ilieleza kuwa nyumba hizo hazikuzingatia familia za wake wengi.

Hoja hiyo ya mwisho yaweza kuonekana ndogo mbele ya mjadala wa wanyama, watalii na mapato. Kwa mwenye kuijua enkang ndiyo yenye uzito. Nyumba moja ya vyumba vitatu ni hisani kwa mume, mke na watoto wao. Kwa olmarei yenye wake wanne ni lango moja lenye mlango mmoja, na hapo pana swali ambalo ramani haikuliuliza: ng'ombe wa nyumba ya tatu watahesabiwa wapi, na mwana wa mke wa nne atarithi kwa mlango gani? Zaidi ya hayo, familia iliyokuwa na watu mbugani, mlimani na mjini kwa wakati mmoja sasa inatakiwa iishi pamoja katika kiwanja kimoja, katika hali ya hewa moja, kiangazi na masika.

Kilimia bado huzama na kuzuka juu ya Karatu, juu ya Ngorongoro na juu ya Handeni. Wazee wanaoziangalia nyota hizo wangali wanajua mvua iko wapi. Lililobaki kwa watoto wao ni kujua, mvua ikishanyesha, nani wa kuhama, nani wa kubaki, na mama yupi wa kukamua.