Kuainisha Watu na Mawe: Historia ya Makundi ya Kiutawala katika Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Usimamizi wa taarifa ni taaluma ambayo kwa kawaida huhusishwa na maktaba, ofisi za nyaraka na, siku hizi, kompyuta. Mtaalamu wa fani hii hufanya mambo matatu. Kwanza, huunda makundi. Pili, huweka kigezo cha kulitenga kundi moja na jingine. Tatu, huandika taarifa kuhusu taarifa, yaani metadata, ili atakayekuja baadaye ajue kitu kimetoka wapi, kiliandikwa na nani, na lini. Anapoajiriwa kuwa mshauri, hutakiwa kupendekeza taksonomia itakayofuatwa na taasisi nzima.

Kazi hii huonekana kuwa ya kimyakimya na isiyomdhuru mtu. Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kuzitazama wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini, Masisi na Walikale. Huko, tangu miaka ya 1930, makundi yaliyoandikwa na makarani yamechangia kuamua nani amiliki shamba, nani apige kura, na jiwe lipi liuzwe. Hatudai kwamba vita vya Kivu vilizaliwa na daftari. Ardhi, siasa na majeshi ya nchi jirani yana sehemu kubwa zaidi. Tunachodai ni kwamba vigezo vya uainishaji vilipobadilishwa mara kwa mara, bila watu kuwa na njia ya kuthibitisha au kusahihisha yaliyoandikwa juu yao, daftari liligeuka kuwa silaha.

2. Wenyeji na wahamiaji

Masisi ni nchi ya milima na malisho, na kwa kumbukumbu za jadi ni nchi ya Wahunde. Walikale, iliyo kubwa zaidi kwa eneo, ni nchi ya misitu ambamo wanaishi Wanyanga, Wakumu, Wakano na wengineo. Banyarwanda, yaani wasemaji wa Kinyarwanda, walikuwapo katika baadhi ya sehemu za Kivu, hasa Rutshuru, kabla ya mipaka ya kikoloni kuwekwa mwaka 1910.

Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilianzisha mpango maalumu wa kuwahamisha Banyarwanda kutoka Rwanda hadi Masisi. Mpango huo, uliojulikana kwa herufi MIB, ulidumu hadi mwaka 1955. Ulikuwa na madhumuni mawili: kupunguza msongamano wa watu Rwanda, na kuyapatia mashamba ya walowezi nguvukazi. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 85,000 walihamishwa. Wakoloni waliwaundia wahamiaji eneo lao la kiutawala, Gishari, lililomegwa kutoka katika ardhi ya Wahunde na kuwekwa chini ya chifu wa Kitutsi. Mwaka 1957 eneo hilo lilifutwa.

Mtaalamu wa uainishaji ataona hapa jambo la kuzingatia. Kundi lilifutwa katika karatasi, lakini watu waliokuwa ndani yake walibaki palepale milimani. Kuanzia hapo wakawa raia wa utawala wa kijadi usiowatambua kuwa wenyeji. Aidha, baada ya mwaka 1959 walifika pia wakimbizi wa Kitutsi kutoka Rwanda. Hivyo, kufikia uhuru wa Kongo mwaka 1960, jina moja la «Banyarwanda» lilikuwa limefunika watu wa aina tatu: waliokuwapo kabla ya mipaka, waliohamishwa na serikali, na waliokimbia machafuko. Lugha yao ilikuwa moja, lakini hali zao kisheria zilitofautiana. Jina halikubeba metadata yoyote ya kuwatenganisha.

3. Tarehe kuwa kigezo cha uraia

Sheria za uraia zilijaribu kulitatua suala hilo kwa kutumia tarehe. Katiba ya mwaka 1964 iliutambua uraia wa mtu ambaye mzazi wake wa kale alikuwa wa kabila lililokuwapo katika ardhi ya Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya mwaka 1981 iliurudisha ukomo nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885. Hatimaye sheria ya mwaka 2004 ilitumia kigezo cha makabila yaliyokuwapo wakati wa uhuru, yaani mwaka 1960.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mkulima aliyezaliwa Masisi mwaka 1940 na wazazi waliohamishwa na MIB. Kwa kigezo cha 1908 alikuwa na mashaka. Kwa kigezo cha 1950 alikuwa raia. Kwa kigezo cha 1885 alipoteza hadhi hiyo. Kwa kigezo cha 2004 aliweza kuidai tena. Katika muda wote huo hakuhama shamba lake. Kilichohama ni kigezo. Jambo la kuumiza zaidi ni kwamba ushahidi uliotakiwa haukuwa mikononi mwake: ni nani kijijini angeweza kuonyesha hati ya babu yake ya mwaka 1885? Hata jirani yake Mhunde hakuwa nayo. Yeye aliaminiwa tu kwa sababu kabila lake lilikwisha kuandikwa katika safu ya wenyeji.

Mwaka 1991, nchi ilipokuwa ikielekea katika siasa za vyama vingi, serikali ya Zaire iliendesha zoezi la kuwatambua raia. Kwa mhamiaji, kuhesabiwa kulikuwa kitisho cha kunyimwa kura na ardhi. Kwa mwenyeji, kuandikishwa kwa mhamiaji kulikuwa kitisho cha kumezwa kwa wingi wa kura. Tarehe 20 Machi 1993 wanamgambo wa Kihunde na Kinyanga waliwashambulia Banyarwanda katika soko la Ntoto, Walikale. Mauaji yakaenea Masisi, pande zote mbili zikaua na kuuawa, na maelfu ya watu wakapoteza maisha.

4. Majina na tarakimu za wasomi

Wasomi nao si watazamaji tu. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu uliofanywa na Malcolm Guthrie, Kinyanga ni D43, Kihunde D51, Kinyarwanda D61 na Kiswahili G42. Tarakimu hizo ni msaada mkubwa kwa mkutubi na kwa mwanaisimu, mradi ikumbukwe kuwa zinaainisha lugha, si watu. Sokoni, mtu wa Masisi huweza kutumia lugha tatu kwa siku moja, na Kiswahili ndicho kinachomkutanisha na jirani yake. Hakuna tarakimu ya Guthrie inayolieleza jambo hilo.

Mfano mwingine ni jina «Banyamulenge». Asili yake ni Watutsi wa nyanda za juu za Kivu ya Kusini. Tangu vita vya mwaka 1996, waandishi wengi wamelipanua jina hilo liwe la Watutsi wote wa Kongo, wakiwamo wa Masisi. Mwanafunzi anayetafuta habari za Masisi kwa neno hilo hupelekwa katika historia ya mahali pengine.

5. Lebo za madini

Baada ya watu, yakafuata mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kasiteriti ilianza kuchimbwa Bisie, Walikale, na koltani ya Rubaya, Masisi, ikapata soko kubwa duniani. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zitoe taarifa iwapo zinatumia madini kutoka Kongo na nchi jirani. Septemba mwaka huohuo serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema kwa muda wa miezi sita.

Ndipo ulipoingia mfumo wa lebo. Kila gunia hufungwa lebo yenye namba, na namba hiyo huandikwa katika daftari pamoja na mgodi, uzito na tarehe. Migodi yenyewe huainishwa kwa rangi: kijani ikiruhusu biashara, nyekundu ikiizuia. Hii ni metadata kwa maana yake kamili. Lakini lebo husema yale tu aliyoyaandika aliyeifunga. Rubaya ilipotekwa na M23 mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba koltani yake ilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Februari 2025 wizara ya madini ya Kongo ilitangaza migodi kadhaa ya Masisi kuwa nyekundu. Rangi ilibadilika katika hati. Mchimbaji aliendelea kutafuta chakula cha jioni katika shimo lilelile.

6. Hitimisho

Historia hii inampa mtaalamu wa taarifa mafunzo matatu. La kwanza, kila kundi liandikwe pamoja na jina la aliyeliunda, mwaka na madhumuni yake. Kundi lisilo na historia hujifanya kuwa la asili. La pili, kigezo kinapobadilishwa, kile cha zamani kihifadhiwe, ili aliyeathirika aweze kuonyesha alivyoainishwa jana. La tatu, anayeandikwa awe na njia ya kusahihisha, kwa lugha anayoielewa. Na katika Kivu lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili.

Suala hili si la makumbusho. Kongo haijafanya sensa ya watu tangu mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpigakura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho. Kwa sababu ya vita, watu wa Masisi hawakuweza kupiga kura kwao Desemba 2023. Siku sensa itakapofanyika, mtu ataketi mezani na kuamua fomu iwe na safu zipi. Huyo atakuwa mtaalamu wa taksonomia, ajijue au asijijue. Na heri awe ameisoma historia ya Gishari kabla ya kuchora mstari wa kwanza.