Padri Pino Puglisi na vijana wa Brancaccio

Kati ya mashahidi ambao Kanisa limewatangaza kuwa wenye heri katika miaka hii ya karibuni, yuko mmoja aliyeuawa na watu waliobatizwa, katika mji uliojaa makanisa, mbele ya mlango wa nyumba yake, siku aliyotimiza umri wa miaka 56. Hapakuwa na vita. Serikali haikuwa ikipiga dini marufuku. Walioamuru auawe walikuwa na neno moja juu yake: padri huyu anatuchukulia vijana wetu. Jina lake ni Giuseppe Puglisi, na watu wa kwao walimwita Padri Pino. Ndugu vijana, inafaa tuyajue maisha yake, kwa sababu mambo aliyopambana nayo si mageni kwetu.

Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1937 huko Brancaccio, mtaa wa maskini pembezoni mwa Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sicilia, kusini mwa Italia. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, mama yake mshonaji. Aliingia seminari mwaka 1953, akapewa upadri tarehe 2 Julai 1960. Miaka yake ya kwanza ya utume ilikuwa ya kawaida, kama ya mapadri wengi.

Mwaka 1970 alitumwa kuwa paroko wa Godrano, kijiji kidogo cha milimani. Huko alikuta ukoo na ukoo wanauana kwa kisasi. Mtu akiuawa leo, nduguye alihesabiwa kuwa hana heshima mpaka naye aue. Padri mgeni angefanya nini? Kuhubiri tu juu ya amani kungewafanya watikise vichwa na kurudi nyumbani na chuki zao. Padri Pino aliwakusanya watu wachache wachache majumbani mwao, wakasoma Injili pamoja, wakazungumza, wakasali. Sisi tunaoishi katika jumuiya hai za msingi tunaijua njia hiyo. Ni njia ya polepole, na alikaa huko hadi mwaka 1978. Polepole watu waliokuwa hawasalimiani walianza kuketi katika chumba kimoja, na mama mmoja aliyeuliwa mtoto aliweza kumpa mkono mama wa muuaji.

Baadaye alirudi Palermo. Kwa zaidi ya miaka kumi alishughulikia miito katika jimbo, na kwa miaka 15 alifundisha dini katika shule ya sekondari ya serikali. Wanafunzi wake walimkumbuka kwa jambo moja hasa: alisikiliza. Nyumba yake ilikuwa na vitabu vingi na vitu vichache, na mshahara wake wa ualimu mara nyingi uliishia mikononi mwa wenye shida. Hakuwa mtu wa makelele. Picha zake zinaonyesha mtu mfupi, mwenye upara na masikio makubwa, akitabasamu. Mwenyewe aliyacheka masikio hayo.

Mnamo tarehe 29 Septemba 1990 alifanywa paroko wa Mtakatifu Gaetano, palepale Brancaccio alikozaliwa. Hapo ndipo habari yake inapokuwa nzito.

Ili tuielewe, ni lazima tujue mafia ni nini. Wengi wetu tumeiona katika filamu, na filamu huipamba. Katika mtaa kama Brancaccio, wenye watu wapatao 8,000 katika parokia, mafia ilikuwa serikali ya pili. Mwenye duka alilipa kodi ya haramu, la sivyo duka liliungua. Mwenye kutafuta kazi alikwenda kwa mkubwa wa mtaa. Mwenye kuibiwa hakwenda polisi, alikwenda kwa mkubwa huyohuyo. Wakuu wa hapo walikuwa ndugu wawili, Filippo na Giuseppe Graviano, nao walitegemea vijana. Mtoto asiyekwenda shule alianza kwa kuuza sigara za magendo, akaendelea kwa kubeba madawa ya kulevya, na siku moja akapewa bastola. Alipewa pia kitu ambacho mtoto maskini hukitamani kuliko fedha: kuogopwa, kuwa na jina.

Basi ilikuwa faida kwa wakubwa hao kwamba Brancaccio haikuwa na shule ya kati. Mtoto alimaliza shule ya msingi, na baada ya hapo barabara ndiyo ilimfundisha. Hapakuwa na kituo cha afya kinachofaa. Maji machafu hayakuwa na njia ya kupita. Katika majengo ya ghorofa ya barabara iitwayo via Hazon, vyumba vya chini ya ardhi vilikuwa mahali pa madawa ya kulevya, silaha na ukahaba, na watoto walicheza juu yake. Mtu aliyenyimwa vyote hivi hujifunza kuomba kila kitu kwa hisani. Mafia huishi kwa hisani hiyo: haki ya mtu inageuzwa kuwa zawadi, na zawadi inakuwa deni lisilolipika.

Padri Pino alianza na jambo dogo sana. Aliwaalika watoto wacheze. Katika mchezo aliwafundisha kwamba kuna kanuni, kwamba anayedanganya hajashinda, na kwamba anayeomba msamaha si mnyonge. Kwa mtoto aliyezaliwa katika mtaa ule, hayo yalikuwa mafundisho mapya kabisa. Kisha pamoja na wakaaji wa via Hazon walioamua kuungana katika kamati, aliandika barua kwa viongozi wa jiji. Waliomba shule ya kati, waliomba kituo cha afya, waliomba vyumba vile vya chini vigeuzwe kwa matumizi ya watu wote. Walikwenda ofisini, wakaambiwa warudi kesho. Walirudi. Ninyi ambao mmewahi kufuatilia karatasi katika ofisi zetu mnajua uchovu wa kazi hiyo, na kwa nini wengi huiacha.

Tarehe 29 Januari 1993 alifungua kituo karibu na kanisa, akakiita Kituo cha Baba Yetu. Jina hilo alilichagua kwa makusudi. Katika lugha ya mafia, mkubwa huitwa baba, naye ndiye anayelisha, anayelinda na anayeamuru. Padri aliweka mlangoni jina la Baba mwingine. Humo watoto walisaidiwa masomo, wagonjwa na wazee walipata wa kuwashughulikia, na watawa wa kike walifanya kazi pamoja na walei. Jengo lilinunuliwa kwa deni, na padri alichangia kutoka mfukoni mwake.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana kuna jambo ambalo vijana wa parokia zetu huulizana wakiwa peke yao. Fedha za kanisa zitoke wapi? Huko Brancaccio sikukuu ya mtakatifu msimamizi ilikuwa na fataki na waimbaji wa kulipwa, na waliotoa fedha walikuwa watu wanaojulikana, ambao siku hiyo hupenda kuonekana mbele. Padri Pino alikataa fedha hizo. Alikataa pia kampuni iliyopendekezwa na wakubwa kwa ukarabati wa kanisa. Wako waliomwona mkaidi: kama fedha inajenga nyumba ya Mungu, kwa nini kuuliza imetoka wapi? Mimi naona alikuwa na hesabu sahihi kuliko wao. Anayeleta bati na kinanda cha kwaya wakati uchaguzi umekaribia, au anayeleta mfuko wa fedha ambazo hakuna anayejua zimechimbwa wapi, hununua kitu, na kitu hicho mara nyingi ni kimya cha padri. Parokia yenye paa linalovuja inaweza bado kusema kweli.

Wakati huo Sicilia yote ilikuwa katika hofu. Tarehe 23 Mei 1992 mafia ilimlipua kwa mabomu hakimu Giovanni Falcone, pamoja na mke wake na walinzi watatu. Tarehe 19 Julai ya mwaka huohuo ilimlipua mwenzake Paolo Borsellino na walinzi watano. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Mei 1993, Papa Yohane Paulo II alikuwa Agrigento. Mwishoni mwa Misa aliiacha karatasi yake, akainua sauti, akawaambia watu wa mafia waongoke, kwa maana siku moja hukumu ya Mungu itakuja. Tangu hapo wakubwa walielewa kwamba Kanisa, ambalo walizoea kulipita kwa maandamano na mishumaa, halikuwa tayari kukaa kimya.

Majira ya joto ya 1993 yalikuwa ya moto kwa maana halisi. Gari la kampuni iliyokuwa ikikarabati kanisa lilichomwa. Usiku mmoja, mwishoni mwa mwezi Juni, milango ya nyumba za wanakamati watatu ilichomwa. Padri Pino mwenyewe alipata vitisho, lakini aliwaficha wenzake mengi, wasije wakaingia hatarini. Kanisani aliwageukia waliofanya hayo. Hakuwalaani. Aliwaambia waje wazungumze naye, kwa kuwa alitaka kujua ni kwa nini wanawazuia wale wanaojaribu kuwasaidia watoto wao. Hakuja hata mmoja.

Asubuhi ya tarehe 15 Septemba 1993 alikwenda tena kwenye ofisi za jiji kwa ajili ya vyumba vya via Hazon. Jioni rafiki zake walimfanyia karamu ndogo ya siku ya kuzaliwa. Ilikaribia saa tatu usiku alipofika mlangoni kwake. Watu wawili walimsogelea, Gaspare Spatuzza na Salvatore Grigoli, na wengine walikuwa karibu. Spatuzza alimshika mkoba, akamwambia ni unyang'anyi. Padri alitabasamu, akasema, "Nilikuwa ninawatazamia." Grigoli, aliyekuwa nyuma yake, alimpiga risasi ya kichogo. Walichukua mkoba ili watu wadhani ni kazi ya vibaka.

Ndugu Graviano walikamatwa huko Milano mwezi Januari 1994, na mahakama iliwapa kifungo cha maisha. Lakini Kanisa lilikuwa na swali lake ambalo mahakama haikulijibu. Je, huyu ni shahidi wa imani? Kwa mapokeo, shahidi ni aliyeuawa kwa kuichukia imani. Hawa waliomuua walibatizwa, walifunga ndoa kanisani, walivaa misalaba shingoni. Wengine walisema basi aliuawa kwa sababu ya kazi zake za kijamii, kama mtetezi wa raia, na hilo ni tukufu lakini ni jambo jingine.

Swali hilo lilichukua miaka mingi, na nadhani jibu lililotolewa ni moja ya mambo makubwa ambayo Kanisa limeyasema katika nyakati zetu. Mwezi Juni 2012 Papa Benedikto XVI aliidhinisha kwamba Padri Puglisi aliuawa kwa kuichukia imani. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kubeba msalaba katika maandamano na bado akaichukia imani, ikiwa anachukia matunda yake: mtoto anayesoma, mama anayedai haki yake bila kupiga magoti, kijana asiyemwita mwanadamu bwana. Na maana yake pia ni kwamba kumfundisha mtoto wa mtaa kutodanganya mchezoni ni kuihubiri Injili. Tarehe 25 Mei 2013, huko Palermo, mbele ya umati mkubwa wa watu, alitangazwa kuwa Mwenye Heri.

Sisi wa Kongo tuna mtu wa kumweka kando yake. Floribert Bwana Chui, kijana mlei wa Goma, wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa akiwasaidia maibobo wapate masomo. Kazini kwake, alikokagua bidhaa zinazopita mpakani, alikataa rushwa ya kuruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu. Aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na miaka 26. Naye alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, tarehe 15 Juni 2025, naye kama shahidi aliyeuawa kwa kuichukia imani. Mmoja padri wa makamo, mwingine kijana mwenye kazi ya mshahara. Mmoja Palermo, mwingine Goma. Wote wawili waliulizwa swali lilelile la fedha, na wote wawili walikuwa na watoto wa mtaani waliowangoja.

Yabaki machache. Grigoli alikamatwa mwaka 1997, akakiri mauaji mengi, na alisimulia kwamba lile tabasamu halikumtoka kichwani. Spatuzza naye, baada ya miaka gerezani, alianza mwaka 2008 kuwaambia mahakimu aliyoyajua, na gerezani humo alisoma teolojia. Papa Fransisko alikwenda Palermo tarehe 15 Septemba 2018, miaka 25 baada ya kifo, akafika mpaka Brancaccio. Kituo cha Baba Yetu bado kinafanya kazi. Na ile shule ya kati, ambayo barua zake zilikuwa zikiombwa zirudi kesho, ilipatikana miaka kadhaa baada ya kifo chake. Inaitwa kwa jina lake.