Karanga, Mbaazi na Unga: Safari ya Mazao ya Jamii ya Kunde Nachingwea na Ruangwa



Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tutazame njia iliyopitwa na mazao yetu ya jamii ya kunde, ili tujue pa kukanyaga kesho.

Wageni wengi walilisikia jina la Nachingwea kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ambayo watu wake walipungukiwa na mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Nachingwea ilichaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaletwa, na reli ikajengwa kutoka pwani. Lakini mvua na ardhi havikupimwa vya kutosha, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Karanga haikuondoka, ilibaki katika mashamba madogo ya wenyeji.

Mbaazi ina habari yake. Sisi huipika kwa nazi; watu wa India huikoboa na kuipasua wakapata dali, chakula chao cha kila siku. Nchi hiyo ndiyo mlimaji mkuu na mlaji mkuu wa mbaazi duniani, na ikipungukiwa hununua kwetu, Msumbiji, Malawi na Myanmar. Mwaka 2015 ukame uliyapunguza mavuno yake na bei ikapanda. Msimu wa 2016/17 mavuno yake yakafurika. Basi tarehe 5 Agosti 2017 Serikali ya India ikaweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi za kuingizwa kwa mwaka. Msumbiji ilikuwa imekwisha kutiliana mkataba nayo mwaka 2016. Sisi hatukuwa nao. Agosti ndio wakati wa mavuno huku Kusini, nayo bei ikaporomoka magunia yakiwa mlangoni. Mlango huo ulifunguliwa tena Mei 2021.

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mwaka ule jua halikuwa na hatia, wala jembe la mkulima. Kilichotuponza ni kumtegemea mnunuzi mmoja. Stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria mwaka 2005, pamoja na minada, humpa mkulima mizani ya haki na bei ya wazi. Lakini mnada hauwezi kumzaa mnunuzi wa pili. Huyo hatuna budi kumtafuta wenyewe.

Ndipo linapokuja suala la unga. Wauza bajia wa miji yetu hutumia unga wa dengu au kunde zilizosagwa. Unga wa karanga huungia mboga na kutiwa katika uji wa watoto. Dali ya mbaazi yaweza kukobolewa hapa hapa. Shule, hospitali na mama lishe ni walaji tulio nao karibu, ambao hakuna tangazo la ng'ambo liwezalo kuwafungia mlango.

Hata hivyo, unga una masharti yake. Karanga yenye ukungu huonekana ikiwa nzima, ikachambuliwa na kutupwa. Ikishasagwa haionekani tena, na sumukuvu humfikia mlaji. Kwa hiyo kazi ya unga huanza shambani na kwenye turubai la kuanikia, kabla ya mashine.

Tena tusisahau funzo la 1947: mashine kubwa bila vipimo ni hasara kubwa. Tuanze na kinu kimoja, wanunuzi wanaojulikana na hesabu zilizo wazi mbele ya mkutano mkuu. Kikijilipa, tuongeze cha pili.

Miaka kumi ya kwanza imetufunza kuuza pamoja. Miaka kumi ijayo na itufunze kusaga pamoja.

Umoja udumu.