Barua ya 2005 na Programu ya 2014

Mwaka 1939 Chama cha Maktaba cha Marekani kilipitisha kanuni za maadili zilizomtaka mkutubi kutunza siri za wasomaji. Mwaka 2005 kanuni hiyo ilijaribiwa na dola. FBI ilimpelekea George Christian, mkurugenzi wa Library Connection huko Connecticut, barua ya kudai kumbukumbu za matumizi ya kompyuta, tena ikamkataza kutamka kwamba ameipokea. Yeye na wenzake watatu wakaenda mahakamani; mwaka 2006 serikali ikaliacha dai lake.

Mwaka 2014 hakuja ofisa yeyote. Ilibainika tu kwamba programu ya Adobe ya kusomea vitabu vya kielektroniki, iliyotumiwa na wasomaji wengi wa maktaba, ilikuwa ikiipelekea kampuni taarifa za vitabu vilivyofunguliwa na kurasa zilizosomwa, bila hata kuzificha kwa msimbo. Adobe iliongeza msimbo. Ukusanyaji wa taarifa za vitabu vyenye kufuli la hakimiliki ukaendelea.

Wapo wanaoihofia dola peke yake. Mimi naliona tukio la pili kuwa zito zaidi. Christian alikuwa na barua mkononi na jaji wa kumwendea. Mkutubi wa 2014 hakujua hata kwamba lipo la kukataa.