Mwenye Mti, Mwenye Hati na Mwenye Pishi

Mtu akitaka kujua ni kwa nini watu wa asili mbalimbali, walioishi chini ya bendera moja, wakasema lugha moja na aghalabu wakasali katika misikiti ileile, walifika kuwa na hali zisizolingana kabisa za mali, elimu na hadhi, basi sijui nchi iwezayo kumfundisha zaidi kuliko Unguja na Pemba katika nusu karne iliyoanzia mwaka 1897, utumwa ulipoondolewa kwa sheria, hadi mwaka 1948, serikali ya himaya ilipowahesabu raia wa Sultani kwa makabila yao. Visiwa hivi ni vidogo, zao lake kubwa lilikuwa moja, na haki na madeni makubwa yaliandikwa mahali. Kwa hiyo mwenye subira ya kuifuata mali ilivyotoka mkono huu ikaingia mkono ule anaweza kuifuata mpaka mwisho wa safari yake.

Hesabu hiyo ya mwaka 1948 ilipata watu 264,162. Waafrika walikuwa kama robo tatu ya wote, Waarabu walikaribia asilimia 17, na Wahindi pamoja na Wagoa walikuwa kama asilimia 6. Ilizoeleka kusemwa, mjini na mashamba, kwamba Mwarabu ana shamba, Mhindi ana duka, na Mwafrika ana jembe. Na aliyetazama kwa mbali aliona kuwa maneno hayo ni kweli tupu, kwa sababu uchunguzi wa maisha ya watu wa visiwani uliosimamiwa wakati huo na Profesa Edward Batson wa Chuo Kikuu cha Cape Town haukumkuta Mwafrika hata mmoja miongoni mwa wenye mikarafuu 3,000 na zaidi: wote walikuwa Waarabu na Wahindi, Waarabu wakiwa ndio wengi. Lakini uchunguzi huohuo, ukisomwa kwa kuteremka chini, unaonyesha kwamba wenye miti michache, ile ya makumi na mamia, wengi wao walikuwa Waafrika, na kwamba Waarabu walio wengi hawakuwa makabaila hata kidogo. Hapo ndipo usemi ule unapoanza kulegea, na hapo ndipo kazi ya mwanahistoria inapoanza.

Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyopandwa na Wafaransa, na Seyyid Said bin Sultan, aliyeihamisha enzi yake kutoka Maskati, akawahimiza matajiri wake waupande kwa nguvu. Ardhi nene ya magharibi na kaskazini ikageuka mashamba. Wahadimu, wenyeji waliokuwa raia wa Mwinyi Mkuu, mtawala wao wa jadi, wakabaki zaidi katika nchi ya maweni ya mashariki na kusini, kule Makunduchi na kandokando yake, wakivua, wakichoma chokaa, wakisokota kamba za makumbi, na kulima mtama na muhogo katika udongo uliojificha baina ya mawe. Kisha tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuisaza sehemu kubwa ya ile ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Nalitaja jambo hili kwa kuwa lina uzito wake: huko Pemba wenyeji wenyewe walipanda miti yao, wakaoana na Waarabu, na tofauti baina ya jirani na jirani haikuwa kali kama ilivyokuwa Unguja. Nasaba zilikuwa zilezile katika visiwa vyote viwili, na hali za watu zikawa mbalimbali.

Tuitazame sasa nasaba yenyewe, maana ndiyo inayodhaniwa kuwa mzizi wa yote. Kwa sharia, mtoto aliyezaliwa na bwana kwa suria wake ni huru kama babaye, humrithi babaye sawasawa na nduguze wa mke wa ndoa, na huitwa kwa kabila la babaye. Seyyid Barghash mwenyewe mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Basi fikiri mwanamke aliyeletwa mtumwa kutoka bara pamoja na ndugu yake wa tumbo moja: yeye akachukuliwa na bwana ndani ya nyumba, ndugu yake akapelekwa shamba. Mtoto wa yule mwanamke alikua Mwarabu, akarithi miti, akaandikwa Mwarabu katika daftari la serikali. Mtoto wa mjomba wake alikua mtumwa, au mtoto wa mtumwa, akaandikwa Mwafrika, naye huenda akaichuma karafuu ya mtoto wa shangazi yake kwa malipo ya pishi. Damu ya wawili hao ilikutana kwa bibi mmoja. Kilichowatenga ni kanuni ya mirathi, nayo ilitenda kazi yake kimya kimya kizazi baada ya kizazi, kiasi kwamba yeyote atakayelinganisha mali ya Waarabu na mali ya Waafrika wa Unguja, akadhani analinganisha asili mbili zilizojitenga, atakuwa anapima jambo jingine kabisa na lile alitajalo.

Sheria ya kuondoa utumwa ilitolewa na Seyyid Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897, kwa shinikizo la Waingereza. Haikumpa mtumwa uhuru mlangoni pake. Ilimtaka aende mahakamani auombe. Bwana alilipwa fidia na hazina. Mtumwa hakulipwa kitu, wala hakupewa ardhi, tena alitakiwa aonyeshe ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Na masuria hawakuingizwa katika haki hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo wengi wa waliopata uhuru walikaa palepale walipokuwa, katika mashamba ya mabwana wa zamani, wakajenga vibanda, wakalima muhogo baina ya mikarafuu, na badala ya kulipa kodi wakaipalilia. Banda lilikuwa lao, na muhogo ulikuwa wao, ila mti na ardhi vilikuwa vya mwingine. Mpango wa namna hiyohiyo ulikuwapo mjini, ng'ambo ya Darajani, ambako maelfu walimiliki nyumba za udongo juu ya viwanja vya Waarabu, vya Wahindi na vya wakfu. Na mwaka 1928, kodi za viwanja zilipokuwa zimewaelemea, watu wa Ng'ambo, wake kwa waume, waligoma kulipa. Sioni katika historia ya mji ule kitendo kilichosema wazi zaidi kwamba watu hao waliufahamu barabara ufukara wao ulikotokea.

Na huyu mwenye shamba, je, alikuwa tajiri kweli? Msimu wa mavuno ulikuwa na gharama kubwa. Wachumaji, Wahadimu kutoka maweni na vibarua kutoka bara, walipanda mitini tangu asubuhi wakiyavuta matawi kwa upembo. Jioni wanawake na watoto waliketi chini kutenga karafuu na makonyo. Kisha nokoa akapima kwa pishi, na kila pishi ilitaka fedha taslimu. Karafuu ilianikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa, na mvua ikiidiriki bei huanguka. Fedha hizo zote zilitakiwa kabla frasila moja haijauzwa, na pamoja nazo zile za harusi na matanga, ambazo heshima ya mwenye shamba haikumruhusu kuzipunguza. Riba ni haramu. Basi alikwenda mjini kwa mkopeshaji, aghalabu Mhindi, wakaandikiana hati ya bei khiyari: kwamba amemuuzia shamba kwa rupia kadha wa kadha, naye ana khiyari ya kulikomboa akirudisha thamani hiyohiyo ndani ya muda uliotajwa, na papo hapo akalikodi shamba lake mwenyewe kwa ijara ya kila mwaka. Ijara ile ilikuwa riba iliyovishwa kanzu. Muda ukipita bila ya kulipa, hati ya kuuza ilisimama kama ilivyoandikwa, na mwenye shamba alibaki na jina la ukabaila huku miti ikiwa mikononi mwa mwenye karatasi.

Wala tusidhani kuwa huyu mwenye hati naye alikuwa mkono mmoja wenye nguvu moja. Kulikuwa na nyumba kubwa za biashara, kama ile ya Jairam Sewji, Mbhatia wa Kutch, iliyoshika ushuru wa forodha ya Sultani kwa miaka mingi na kumkopesha Sultani mwenyewe. Na Taria Topan, Khoja, aliyeshika forodha hiyo baadaye. Lakini chini ya nyumba hizo alikuwapo muuza duka wa shamba, mwenye kuuza chumvi, mafuta ya taa na kanga kwa mkopo, naye anadaiwa na tajiri wa mjini, na tajiri wa mjini anadaiwa Bombay. Na walikuwapo madobi, vinyozi na washona viatu wa Kihindi ambao hati za mashamba hawakuzigusa maisha yao yote. Daftari la serikali liliwaandika wote hao Wahindi. Vivyo hivyo liliwaandika Waarabu wenye majumba ya mawe pamoja na Wamanga waliofika juzi kutoka Omani na nguo zao za mwilini, wakafungua vijiduka vijijini au wakachuruza mbata. Hata mwezi Februari mwaka 1936, serikali ilipoweka ukaguzi wa mbata ulioharibu riziki yao, ni Wamanga waliofanya ghasia mjini.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa biashara ya dunia, deni lilidhihirika. Ripoti ya mwaka 1933 juu ya madeni ya wakulima iliitisha serikali, nayo mwaka 1934 ikatunga sheria za kuzuia ardhi ya Mwarabu na Mwafrika isihamie kwa mtu wa kabila jingine, na kuizidishia nguvu Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu iliyoundwa mwaka 1927. Mwaka 1937 biashara ya kununua karafuu kwa wakulima ikatiwa mikononi mwa Jumuiya hiyo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua, wenzao wa India, iliyokuwa soko kubwa, wakawaunga mkono, mpaka mapatano yakafikiwa mwaka 1938. Katika ugomvi wote huo wa mwenye mti na mwenye hati, mchumaji hakuulizwa neno.

Elimu nayo ilifuata mkondo huo. Jamii ya Khoja Ismailia ilikuwa na mapato ya fedha taslimu na utaratibu wa jumuiya, ikafungua shule yake mwaka 1905. Kazi za mudiri na liwali serikali iliwapa Waarabu, kwa kuwa Waingereza waliihesabu nchi kuwa dola ya Kiarabu. Na mtoto wa Makunduchi alipata shule kwa kuchelewa, tena msimu wa karafuu ukimwita pamoja na wazee wake.

Lililo gumu kuliko yote katika kulinganisha ni kwamba majina yenyewe hayakutulia. Mwaka 1924 zaidi ya watu 30,000 waliandikwa Waswahili. Mwaka 1931 walibaki kama 2,000. Hapakuwa na tauni iliyowafagia. Walijiandika Wahadimu, Watumbatu, Washirazi, na wengine Waarabu, ambao idadi yao katika miaka hiyo saba ilipanda kutoka chini ya 20,000 hadi kupita 30,000, ongezeko ambalo majahazi ya kutoka Omani peke yake hayawezi kulieleza. Aliyeitwa Mswahili alidhaniwa kuwa mtoto wa mtumwa, na kila mwenye kupata nafasi ya kulivua jina hilo alilivua. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, chakula kikagawiwa kwa kabila, na mchele ukawa haki ya majina fulani kuliko mengine, sababu ya kuchagua jina ikaongezeka. Na ni mwaka 1939 huko Pemba ndipo Jumuiya ya Washirazi ilipoanzishwa. Aliyefanikiwa alihama safu, asiyefanikiwa alibaki, kisha tarakimu zikasomwa kana kwamba safu ndizo zilizowafanikisha watu.

Mwaka 1948, mwaka uleule wa hesabu, makuli wa bandarini waligoma kwa ajili ya ujira na ughali wa maisha, na mgomo wao ukaenea mjini kote. Madai yao yalikuwa ya fedha na chakula. Lakini katika miaka iliyofuata siasa ilipangwa kwa makabila, na hasira iliyozaliwa na hati, kodi na pishi ilielekezwa kwenye majina. Hata mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea, miongoni mwa waliouawa kwa wingi mashambani walikuwa Wamanga wenye vijiduka, watu ambao mikarafuu 3,000 hawakupata kuiota. Nasema bila ya kusita kwamba walidhulumiwa, kama walivyodhulumiwa kabla yao wale waliotoka utumwani mikono mitupu. Tarehe 8 Machi mwaka huo ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya dola, na baadaye maelfu ya familia wakagawiwa eka tatu tatu.

Hati za bei khiyari, daftari za madeni za maduka ya shamba, barua za uhuru na stakabadhi za kodi za viwanja zimesalia katika makasha ya nyumba nyingi, Unguja, Pemba, Maskati na hata Kutch, na kila mwaka mchwa na unyevu hupunguza sehemu yake. Nawaomba walio nazo wasizichome wala wasizione aibu, bali wazipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani, au waruhusu zinakiliwe; maana katika karatasi hizo, kuliko katika daftari lolote la makabila, ndimo yalimoandikwa majina ya watu waliopoteza na waliopata, na tarehe ya kila kisa.