BELITTLE: neno la kudharau watu na jamaa aliyelianzisha

Kuna staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni, kaposti kwamba amechoka watu "kumbelittle". Neno tumelizoea, ila lina stori ambayo nilipoijua nilicheka kwanza, halafu nikaacha kucheka.

Maana yake ni kumfanya mtu aonekane mdogo, kumchukulia poa. Wa kwanza anayejulikana kuliandika ni Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa 3 wa Marekani. Na wala hakuwa anaongelea watu, alikuwa anaongelea WANYAMA!

Ilikuwa hivi. Ufaransa kulikuwa na msomi wa viumbe anaitwa Buffon. Akaandika kwamba wanyama wa Amerika ni wadogo kuliko wa Ulaya, eti sababu ya baridi na unyevunyevu. Amerika kwenyewe hajawahi kukanyaga! Jefferson ikamuuma. Akatoa kitabu, Notes on the State of Virginia, kilichochapwa Paris 1785, akapanga uzito wa mnyama mmoja mmoja kumuumbua mzee, na humo ndo kuna hilo belittle. Hakuishia hapo. Mwaka 1787 akaletewa Paris, kwa meli, ngozi na mifupa ya mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo kama cha farasi, ili Buffon ajionee. (Mapembe yaliyokuja nayo hata hayakuwa ya mnyama yule, lakini tuyaache.)

Mwaka huohuo jarida moja la London likamcheka kwa kutunga neno la hovyo. Yaani neno la dharau nalo likadharauliwa!

Sasa njoo hapa. Kwenye kitabu hichohicho, Jefferson, ambaye maishani mwake alimiliki watumwa zaidi ya 600, aliandika kwamba watu weusi wako chini ya wazungu kiakili. Akamponda na dada mmoja, Phillis Wheatley, aliyechukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston 1761, na 1773 akatoa kitabu cha mashairi London. Jefferson akasema mashairi yake hayastahili hata kukosolewa. Kulungu wakidharauliwa anaagiza mifupa ivuke bahari, binti huyu kaleta kitabu kizima na bado hamuoni.

Kitabu kinatoka 1785, Phillis alishafariki Desemba 1784, hakuweza kumjibu. Na hata jina lake Jefferson alilikosea, aliandika Whately.